Akiba ya Uhindini

Ifakara, Ijumaa, Machi 1956. Mvua tangu alfajiri.

Karani wa kivuko amesema leo asubuhi kwamba pantoni itasimama Jumapili adhuhuri, maji yakiendelea kupanda hivi. Alilisema hilo akiitazama nguzo yake yenye alama za chokaa, hakunitazama mimi. Nilimwuliza kama inaweza kusimama mapema zaidi.

"Inaweza," alisema. "Mto hauniagi."

Naanza na hilo kwa sababu ndiyo habari mpya kuliko zote, na kwa sababu ng'ambo ya mto, huko Minepa, yupo mama mmoja mjane aliyeweka chakula chote cha nyumba yake kwenye sakafu ya udongo. Mavuno bado. Mpunga huo ulikuwa mahali pakavu hadi jana. Ameuhamisha kwa sababu ya sentensi yangu.

Nilimkuta Kivukoni jana jioni. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori la kutoka Kidatu, nikaenda kuutazama mto kama kazi yangu inavyotaka, maana nimetumwa kuandika habari za mafuriko. Wapagazi walikuwa wakimpakilia magunia yake kwenye pantoni. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaniambia anaitwa Mama Yustina. Nikamwuliza mbona anapeleka mpunga kule maji yanakokwenda, wakati wenzake wote wanauleta huku.

"Gazeti limekataza, mwanangu," alisema. "Wanaoweka akiba yao Uhindini wasitegemee kuvuna mapema."

Niliitambua sentensi yangu kabla hajaimaliza.

Kamba ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Nilipiga kelele kitu fulani juu ya Bara Hindi na bahari, naye akanipungia mkono kama mtu anayeagwa. Pantoni ikamchukua.

Mwezi uliopita mhariri wetu aliniomba makala ya kulinganisha Bara Hindi na Uchina. Wasomaji wanauliza. Mataifa hayo mawili yamesimama karibu wakati mmoja, yote yana watu wengi na wengi wao ni wakulima maskini, na kila moja limejiwekea mpango wa miaka mitano. Sisi Tanganyika tunatazama kwa sababu siku moja, pengine si mbali, tutaulizwa tufuate njia ya nani. Nilisoma nilichoweza kusoma, nikazungumza na mabaharia wawili na mwalimu mmoja, nikaandika kwa uangalifu. Nilisema Uchina itatangulia. Serikali yake inaamuru: inaunganisha mashamba, inachukua nafaka, inaigeuza kuwa chuma. Bara Hindi inapiga kura, inabishana, inasubiri mvua. Kwa hiyo nikaandika kwamba matajiri wa Ulaya wanaoweka akiba yao katika Bara Hindi wasitegemee kuvuna mapema.

Mhariri alikuwa na nafasi ndogo. Akaondoa matajiri wa Ulaya. Bara Hindi ni maneno mawili, akaweka moja: Uhindini. Karatasi ya chapa ililetwa kwangu nikaipitisha. Mezani kwetu kosa halikuwepo.

Hapa Ifakara lipo. Uhindini si nchi. Uhindini ni mtaa huu ninamolala, safu ya maduka yenye baraza, na katikati yake duka la Velji na ghala lake la matofali lenye sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi. Kila masika wakulima wa mabondeni huleta humo mpunga wao wa kula, kuukinga na maji, panya na nguruwe. Velji hatozi kitu. Anachopata ni kwamba mavuno yakija, mwenye mpunga wa kuuza humwendea yeye kwanza. Hakuna hati. Kila nyumba hufunga gunia lake kwa ukindu uliosukwa kwa namna yake, na Velji anaijua misuko yote kama padri anavyowajua waumini wake. Na kitendo hicho, kwa watu wote wa bonde hili, kina jina moja tu. Kinaitwa kuweka akiba Uhindini.

Gazeti lilifika Jumatano. Lilisomwa kwa sauti na fundi Athumani, mshonaji wa barazani kwa Velji, ambaye huwasomea watu habari huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Nimemhoji leo. Anasema alisoma kama ilivyoandikwa, na ni kweli. Anasema alipofika kwenye sentensi ile, mguu ulisimama wenyewe.

Jana asubuhi watu wachache walikuja kuomba magunia yao, Mama Yustina akiwa wa kwanza. Velji akawapa. Adhuhuri wakaja wengi, naye akaogopa, akafunga mlango wa chuma.

Hapo ndipo uvumi kwamba anafungasha kuondoka ulipopata miguu.

Leo baada ya Njia ya Msalaba watu hawakwenda nyumbani. Walikuja moja kwa moja kutoka kanisani hadi barazani kwa Velji, mvua ikiwanyeshea, wengine wakiwa na majembe kwa sababu walikuwa wamepitia kanisani wakitoka shamba. Sisemi walikuja na majembe kwa ubaya. Lakini jembe ni jembe, na mlango ulikuwa umefungwa. Nimeona makundi ya namna hii mara kadhaa katika kazi yangu. Yakipiga kelele si mabaya sana. Hili lilikuwa kimya.

Mbele alisimama mwanamume mmoja aliyevaa koti la kijeshi, mabaki ya vita vya Burma. Wanamwita Kopro, kwa cheo alichokuwa nacho huko. Nilipanda barazani, nikasema makala ile ni yangu na kwamba haikuwa na habari yoyote ya mtaa huu.

"Kumbe ni wewe," alisema Kopro. "Basi tuambie Velji anaondoka lini."

"Haondoki. Niliandika juu ya nchi ya Wahindi, ng'ambo ya bahari. Nililinganisha na nchi ya Wachina."

"Mchina mimi sijapata kumwona hapa. Mhindi namwona kila siku. Gazeti likiniambia mmoja wao anaachwa nyuma, nidhani ni yupi?"

Watu waliguna kumkubali. Hoja ilikuwa nzima.

Mvuvi mmoja, Mndamba aliyekuja kwa mtumbwi wake hadi karibu na mtaa, alinitambua kabila kwa lafudhi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwacheni Mpogoro wa watu. Ametoka Mahenge, amezoea mlima. Huko juu akiba haikimbii maji." Walicheka wachache. Nilimshukuru moyoni, maana kicheko kilishusha mabega ya watu.

Kisha mwanamke mmoja aliyejifunika mkeka kichwani akauliza: "Hao Wachina wako, mpunga wao wanauweka wapi?"

Nilimweleza ninavyofahamu. Mashamba yanaunganishwa, serikali ndiyo inayonunua nafaka, ghala ni la serikali.

"Na mtu akitaka gunia lake?"

Nikasema sijui.

"Umeandika na hujui?"

Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza swali hilo kuhusu makala ile. Mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilihesabu chuma, reli na mabwawa. Mtu anayesimama mlangoni akisema naomba gunia langu, sikumweka mahali popote.

Nilizunguka nyuma nikagonga dirisha la jikoni. Velji alifungua kidogo. Ni mtu wa makamo, mwembamba, amezaliwa Mahenge hospitali ileile niliyozaliwa mimi, na Kipogoro chake kinashinda cha vijana wetu wengi. Macho yalikuwa mekundu.

"Wanasema nafungasha," alisema. "Nifungashe niende wapi, ndugu yangu? Bombay naijua kwenye bati la biskuti."

Nikamwambia afungue ghala.

"Wakiingia wote itabaki sakafu."

"Mlango uliofungwa ndilo gazeti wanalolisoma sasa," nikamwambia. "Langu wamekwisha kulisahau."

Mkewe, ambaye sikumwona, alisema jambo moja kwa Kigujarati kutoka ndani. Velji akachukua funguo.

Naandika hili taratibu kwa sababu nataka kulikumbuka lilivyokuwa, si litakavyosimuliwa. Alifungua mlango wote, pande zote mbili, akasogea pembeni na kusema: "Karibuni. Mmoja mmoja, sakafu isilowe. Anayetaka lake achukue." Hakuna aliyekwenda. Walikuwa wamejiandaa kusukuma, na sasa hakukuwa na cha kusukuma.

Kopro akaingia. Tulimsikia akitembea ndani. Alitoka mikono mitupu.

"Lipo," alisema. "Panya hawajaligusa. Velji, fagia ile pembe ya kushoto, kuna utando."

"Nitafagia, Kopro."

"Si kesho."

"Leo."

Baada ya hapo waliingia kwa foleni, wakagusa ukindu wao, wakatoka. Sitaki kupamba. Wapo waliochukua. Familia mbili za upande wa Mlabani zilibeba magunia yao katika mvua, na mwanamume mmoja alisema wazi kwamba Mhindi ni Mhindi, awe wa ng'ambo awe wa hapa. Velji alimsaidia kuliinua gunia hadi begani. Lakini ilipofika jioni wengi walikuwa wameacha mali yao ilipokuwa, na mlango haukufungwa hadi wa mwisho alipoondoka. Fundi Athumani ametangaza kwamba kuanzia sasa atasoma habari za mpira na tanzia tu.

Kwa hiyo mtaa umetulia. Mtu mwingine angeishia hapo na kulala.

Mama Yustina hakuwepo barazani. Hajasikia neno lolote kati ya haya. Yule Mndamba anaijua nyumba yake: iko chini, karibu na mkondo wa zamani, na mwaka juzi maji yaliingia hadi kwenye vitanda. Ana wajukuu humo. Mpunga ukilowa utaota au utavunda, na kutoka sasa hadi mpya uive hakuna kingine. Nilimwomba anipeleke leo hii kwa mtumbwi. Aliutazama mto, akanitazama mimi, akasema mtumbwi wake unaweza kumbeba mpumbavu mmoja au gunia moja, si vyote viwili.

Velji ndiye aliyezungumzia lori lake kabla sijathubutu kuliomba. "Jana alipokuja nilimpa bila neno," alisema. "Niliona haya kumwuliza kwa nini." Atanipa lori na dereva, lakini hatakwenda mwenyewe. Anasema akitokea Mhindi mlangoni kwake kuyataka magunia, mama yule atayakalia hadi maji yamfike kifuani. Nadhani yuko sahihi.

Nimekaa sasa na makala yangu mbele yangu. Mhariri atataka nyingine, na nijiulize kwa uaminifu kama ningebadili hukumu.

Kwa chuma, hapana. Bado naona Uchina itatangulia, na kwa mbali. Amri hujenga haraka, kila aliyepata kusimamia kazi analijua hilo. Lakini mataifa yote mawili yanasimama juu ya mkulima, na mkulima nimemwona leo. Neno moja lilimfanya aamini kwamba akiba yake si yake tena, akaanza kuitoa mahali pakavu na kuipeleka kwenye maji. Kilichomrudisha ni mlango kuachwa wazi. Maelezo yangu hayakumrudisha. Kule ambako mlango haufunguliwi, sijui mkulima hufanya nini. Pengine hutii. Pengine hulima kidogo zaidi kila mwaka na kukaa kimya, na hesabu za serikali zikaendelea kupendeza kwa muda. Bara Hindi ina njaa yake na ubishi wake, na itachelewa, hilo silifuti. Ila huko mtu anaweza kwenda barazani na kuuliza kwa nini kumefungwa.

Kwa chuma nimesema. Kwa mpunga sijui. Nilipaswa kuandika kwamba sijui.

Kila mwaka hupita bondeni humu mtaalamu na vipimo vyake, akisema ardhi hii inaweza kulisha nchi nzima. Inaweza. Siku tutakapokuwa na serikali yetu, nayo itakuja na mpango wa miaka mitano, na atatokea mtu wa kutuambia tuharakishe. Sijui nitaandika nini siku hiyo. Natumaini nitaanza kwa kuuliza ghala lina mlango wa namna gani.

Mvua haijapungua. Nasikia ikipiga mabati ya Velji, na chini yake ufagio. Anafagia ile pembe ya kushoto.

Kesho pantoni ya kwanza inaondoka saa moja asubuhi. Lori litakuwa Kivukoni kabla ya hapo. Nimejaribu kupanga nitakachomwambia Mama Yustina, nikakuta maneno mengi ni ya kujitetea, nikayaacha. Nitamwambia aliyeandika ni mimi, na kwamba sikuwa nikisema juu ya Velji. Kisha nitamwuliza kama anakubali tuyapakie. Nina lori, nina dereva na wapagazi wa kuyabeba hata akikataa, na mto hautanisubiri nibembeleze. Lakini nitamwuliza.

Akikataa, magunia ni yake. Nitamsaidia kuyapandisha darini, moja moja, kisha nitawahi pantoni ya mwisho, Jumapili adhuhuri.