Kioo cha Baba

4 Machi

Shikamoo Baba,

Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo iko juujuu. Kesi ya yule mama fundi cherehani na jirani yake imeamuliwa kwa vipimo vyangu vya mpaka: ukuta wa jiko lake umeingia kwa jirani sentimita tatu. Utavunjwa Ijumaa, tarehe 14. Aliniuliza, "Hiyo mashine yako haikosei?" Nikamjibu kwa kujiamini, haikosei.

Baba, jana nilirudia kupima mistari mingine, yote imezidi vipimo vya ramani! Ni joto? Nilipima saa saba, jua la utosi.

Binti yako

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Magoti yanalia kama bawaba, ila mlangoni yananifikisha. Acha kulisingizia jua! Kosa la joto hukua na umbali. Kama mstari wa mita kumi na wa mita mia mbili imezidi sawasawa, usitazame juu, tazama kwenye fimbo ya kupimia. Ulipachika kioo gani?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Leo salamu fupi. Imezidi sawasawa, sentimita tatu kila mahali. Nilipachika kioo chako, ulichonipa siku nilipopata leseni. Kila kioo hurudisha mwali wa mashine kivyake, kina namba yake ya kusahihisha, nami kwa maringo yangu nikaiacha mashine na namba ya kioo cha ofisi. Bosi anasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikisema, leseni iko mashakani. Naogopa, Baba. Nifanyeje?

Binti yako

12 Machi

Marahaba mwanangu,

Natumia simu ya jirani, herufi zake zinaniua macho. Kioo hicho kilinikosesha na mimi. Uzio wa mzee mmoja uling'olewa kwa vipimo vyangu. Nikagundua baadaye, nikajiambia ni vidole viwili tu, nikanyamaza. Hata nilipokupa nilinyamaza, kwa aibu. Kioo nimekurithisha. Ukimya wangu usiurithi. Kesho asubuhi nenda kwa hakimu.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba,

Magoti je? Nilikwenda. Nilisema yote. Yule mama aliitwa, akanitazama weee, kisha akasema, "Kumbe mashine haikukosea." Nilitamani ardhi ipasuke.

Ukuta umesimama. Leseni yangu imesimamishwa.

Baba, yule mzee wa uzio bado anaishi palepale?

Binti yako