Yaya Paluku, Nimekata Miguu ya Bitanda

Yaya Paluku,

Ni mimi Muhindo, mudogo yako, fundi ya mbao namba moja ya Butembo, ule weye ulikuwa unaita "musumeno yenye kelele kuliko mbao." Masomo ya primaire niliachia mwaka ya tano, unajua, donc usianze kuhesabu makosa. Najua huko hauna kazi ingine. Lakini usihesabu.

Kwanza habari ya nyumba. Foyer, nyumba yetu sisi bilema, ingali palepale. Mama Kahindo, ata kama haoni, angali anapika sombe yake, yale majani ya muhogo, na chumvi ya kuua ng'ombe, na anasema ni weye ulimuzoeza vibaya. Vita nayo haijaisha. Batu banatoka Beni kila juma na magodoro ku kichwa. Mumoja kati yao njo Kasereka, nitakuambia juu yake.

Lakini neno lenyewe ni bitanda.

Unakumbuka vile ilianza. Mama Katungu, muuza samaki, alikuwa anatoka Kyavinyonge na tilapia yake, batu ya bunduki bakasimamisha gari. Akakimbia, akalala mu majani, akamuambia Mungu: "Nikifika Butembo muzima, bale bilema ya foyer balale ku kitanda." Akafika. Akaagiza bitanda munane ya mbao nzuri, mirefu kama ya bwana arusi. Siku ya kuleta tuliimba, tulipiga makofi. Mimi niliimba kupita bote, sauti yangu unaijua.

Halafu bageni bakaenda, na weye ukatazama kitanda yako kama mutu anatazama mulima. Weye, mwenye kutembea na mikono, kamambili moja, ndala ya mupira, ku kila mukono, miguu inakufuata nyuma kama batoto batundu. Utapanda namna gani? Mulikuwa batano ya kutambaa. Mimi na fimbo yangu nilipanda, nikalala kama minisiti. Weye ulitandika mukeka ku sima, ile saruji ya baridi, chini ya kitanda yako mwenyewe. Kila Mama Katungu alipokuja tulikubeba, tukakuweka pale juu, ukatabasamu kama picha. Akienda, tunakushusha.

Uliniambia, tena mara mingi: "Muhindo, si weye fundi? Kata hii miguu." Ukasimamisha kamambili yako wima ku sima, ukasema, "Urefu ni huu. Haipite hapa."

Nikacheka. Nikakujibu kama muzee wa kanisa: kitu ya nadhiri haiguswe. Kwetu mutu akitoa kitu juu Mungu alimuponyesha, unapokea na mikono mbili, ata ikiwa chungu yenye tundu. Tena Mama Katungu alikuwa ameahidi mabati ya upande ya banamuke. "Tukimukasirisha," nikasema, "mvua itanyeshea ba mama." Nikajiona na akili sana.

Akili gani? Niliogopa. Weye ulisemaka: mudomo murefu, roho fupi.

Baridi ya Butembo unaijua, inapitia chini. Ikakuingia mu kifua. Muganga alisema hiyo kifua ilikuwa mbovu tangu zamani, na sisemi sima njo ilikuua. Mais lakini, Yaya, mimi nilikuwa nalala juu, ku kitanda ya pembeni yako. Kila kikohozi nilikisikia kikipita mu mbao.

Kitanda ya kwanza niliyotengeneza ku kipimo yako ni ile ulimo sasa. Haina miguu. Kona zake hazina tundu ata moja. Hiyo najivuna, uniache nijivune.

Matanga ilipoisha, akafika Kasereka. Miguu yake yote mbili ilibakia mu shamba lake kule Mulekera, bomu. Bakamupa kitanda yako. Akaangalia juu. Akaangalia chini. Akaanza kutandika mukeka pahali pako palepale.

Hapo nikashindwa. Nikachukua musumeno, saa ine ya asubuhi, mbele ya batu yote. Kamambili yako nikaisimamisha ku kila muguu ya bile bitanda tano ya benye kutambaa, nikatia alama, nikakata. Mama Kahindo akasikia: "Muhindo! Unakata nadhiri ya mutu! Mvua ikinyesha, ni weye utakuwa bati yangu!" Nikamuambia nitakuwa bati nzuri, sina kutu. Lakini nikaendelea kukata. Mistari mbili ilienda upande, usiambie mutu.

Siku ya tatu Mama Katungu akaingia na kitunga yake ya samaki. Akaona. Akaweka kitunga chini.

"Nani amekata kitanda ya Mungu?"

Nikatoka mbele. Nikamuambia: "Ni Paluku, Mama."

Ndiyo, nilikusingizia. Lakini ni weye ulinituma.

"Paluku si alikufa?"

"Njo hivyo, Mama. Alikuwa analala hapa." Nikamuonyesha ile sima.

Akavua biatu. Akakaa pale chini, na kitambaa yake nzuri, akakaa mpaka baridi ikamuuma, nikaona anavuta miguu. Akauliza kwa nini hakuna mutu alimuambia. Kisha akasema, polepole: "Mimi nilimuahidi Mungu bitanda. Miguu sikumuahidi."

Kasereka akacheka wa kwanza. Na Mama Katungu mwenyewe akacheka, machozi yakishuka.

Mabati yalikuja, ba mama banalala pakavu. Mais kubwa si mabati. Sasa, mbele ya kuleta kitu, anakuja kwanza mikono mitupu, anakaa, anauliza. Alisema ile habari ku soko na ku kanisa, na bengine bakamufuata. Bale banamuke banaotoka Masereka na biazi bakauliza tutie wapi magunia, tukasema chini, si ku rafu. Mutu mwingine alitoa sima, tukatelemusha mulango, hakuna ngazi tena. Jiko nayo imeshuka. Kasereka anageuza bugali mwenyewe, na inakuwa na bidonge, lakini ni yake.

Na bile bipande bya miguu nilikata? Nilibichonga, nikatia mupira ya pneu ya gari chini, mutu anabishika mu mikono, anatembea nabyo. Kasereka ananipita mbio. Ungekuwapo ungemupita.

Kamambili zako ziko ku musumari mu atelye yangu ya mbao. Nakuahidi: kitu yote itakayoingia mu hii nyumba, ata itoke kwa askofu, nitaipima nazo kwanza. Na isipoenea, nitasema siku ileile, mbele ya mwenye kuileta. Roho yangu imerefuka kidogo, haijafika mudomo, lakini imerefuka.

Wasingya, asante, Yaya. Lala muzuri. Na huko uliko, kama balikupa kitanda murefu, sema. Usingoje mimi.

Muhindo