Tembe Ndani ya Gazeti

Jumatatu, 7 Aprili
Likizo siku ya kwanza, na kazi ni ile ile. Kumpeleka Shosho, bibi yangu mzaa Baba, kliniki ya presha, hapa Donholm. Kikuyu chake ni kitamu. Kiswahili chake kinaishia kwa bei ya nyanya. Kwa hivyo daktari anauliza, mimi natafsiri. Mimi, ambaye nikiulizwa jina langu darasani nalisahau.
Presha imepanda tena. Daktari hakuinua macho. "Anakunywa dawa kila siku?" Mlango wazi, foleni nzima inasikiliza. Nikasema ndiyo. Hata sikumtafsiria Shosho swali.
Ameongezewa. Tembe mbili kila asubuhi, si moja.

Jumanne, 8 Aprili
Acha niandike ukweli. Shosho hanywi kila siku. Leo anakunywa yeye, kesho anampa Mama Mwende, jirani wetu wa mlango wa pili. Anayepeleka ni mimi. Tembe ndani ya kipande cha gazeti, kama mtu anapeleka majani ya chai. Tangu Krismasi.
Mama Mwende pia ana presha. Alienda kliniki hiyo hiyo mara moja tu. Kiswahili kikamkwama, Kikamba hakuna aliyekijua. Wakamuuliza kwa sauti, mlango ukiwa wazi, anaamka mara ngapi usiku kukojoa. Foleni ikacheka. Akatoka bila kadi. Hajarudi.
"Sasa mimi ninywe yangu nikimwangalia tu?" ndivyo Shosho husema. Halafu ananipa gazeti, napeleka.

Alhamisi, 10 Aprili
Mama Mwende amesafiri Kitui, mazishi. Shosho anakunywa zote mbili mwenyewe tangu jana. Nimefurahi.

Ijumaa, 11 Aprili
Mjinga mimi.
Ameanguka akianika nguo. Nilisikia beseni kwanza, halafu yeye. Uso rangi ya majivu. Baba alimkimbiza kliniki. Presha imeshuka vibaya. Wamemlaza hadi jioni wakamwachilia. Asiguse dawa mpaka amwone daktari wake Jumatatu.
Mimi ndiye nilisema ndiyo. Mimi.
Anti Wairimu, dada yake Baba, amekuja kutoka Buruburu. Nikamwambia yote. "Nyamaza kabisa! Unataka waandike tunagawa dawa za watu kama peremende? Jumatatu nitaongea mimi."
Nikaitikia. Naitikiaga kila kitu. Halafu nikakasirika hata chakula kikanishinda.

Jumatatu, 14 Aprili
Anti aliingia na Kiingereza chake cha ofisini. Mama anakunywa dawa zote, bila kukosa. Labda ni uzee. Daktari akaanza kuandika dawa nyingine kabisa. Shosho ameketi katikati yao kama mfuko ambao mtu ameuweka chini kidogo.
Nikasimama. Nikafunga mlango.
"Si kweli," nikasema. "Wiki jana nilidanganya. Aulizwe mwenyewe."
"Wanjiku!" Anti akafoka. Shosho naye akageuka, kwa sababu jina langu ni lake. Nilitaka kucheka na kulia.
Daktari akaweka kalamu chini. Akaanza, "Muulize kama anakunywa..." Nikamkatiza. Mimi! Nikamwambia ukimuuliza hivyo mtu mzima lazima aseme ndiyo. Muulize dawa zinaendaga wapi.
Akauliza hivyo. Nikatafsiri neno kwa neno.
Shosho akanyoosha mgongo. "Mwambie nampa Mama Mwende. Mwambie ni wao walimfukuza na kicheko chao. Na wajina, usimpunguzie hata kidogo: asipompa Mama Mwende zake, nitagawa tena."
Nikatafsiri yote. Hasa hilo la mwisho.
Daktari akaangalia mlango. "Siku hiyo ulikuwa wazi?"
"Huwa wazi kila siku."
Akakata alichokuwa ameandika. Arudi kwa tembe moja, yake peke yake, kila asubuhi, apimwe tena baada ya wiki. "Na huyo jirani aje. Uje naye wewe."
Anti hakuniongelesha hadi nyumbani. Sijali.
Najali kidogo. Lakini ningeufunga mlango ule tena.

Jumatatu, 21 Aprili
Shosho amepimwa. Presha imetulia, kwa tembe moja tu. Nesi alimuuliza Anti swali, Anti akasema, "Muulize Mama mwenyewe." Hakuniangalia. Sawa tu.

Jumatano, 23 Aprili
Mama Mwende amerudi. Kwenda kliniki alikataa mara mbili. Shosho akamfunga kitambaa chake kizuri cha kanisa, akamshika mkono, wakatangulia. Mimi nyuma.
Mama Mwende alisema kwa Kikamba, Shosho akaokota anachosikia akanipa kwa Kikuyu, mimi nikampa daktari kwa Kiswahili. Swali likarudi njia hiyo hiyo. Pole pole sana. Hakuna aliyeharakisha. Lile la usiku pia liliulizwa, kwa sauti ya chini. Mara tatu, akajibu. Ikaandikwa, basi.
Mlango ulikuwa umefungwa kabla sijaufikia.
Ana kadi yake sasa.
Jioni hii Shosho amenipa kitu ndani ya gazeti. "Mpelekee Mama Mwende." Nikasimama kwenye ngazi, nikafungua kwanza.
Nduma mbili za kuchemsha, bado moto.
Nikazifunga vizuri, nikabisha hodi.