Nalipwa Nichukiwe, na Sasa Nimefiwa

Shikamoo Bwana Mshauri, nakuandikia wewe kwa kuwa hapa Kilwa Kivinje sina wa kumwambia. Mimi ni kijana wa Njinjo, kazi yangu mieleka, tajiri aliyeniajiri ni Bwana Fakihi ambaye kila Ijumaa baada ya alasiri hutuweka uwanjani watu wakatoa kiingilio, mwenzangu Kibwana ndiye mwema, mimi ndiye mbaya, namtupia mchanga machoni, namkanyaga akiwa chini, namtukana mwamuzi, mwisho ananibwaga na mji mzima unashangilia, na yote hayo tumeyapanga asubuhi sisi wawili nyuma ya ghala la chumvi, wala hakuna anayeumia, lakini watu wanaamini kweli, nikiwasalimu hawaitikii, nikikaa barazani wanahama, na Kibwana, rafiki yangu wa pekee, amekatazwa na tajiri kunisemesha mbele za watu.

Mwezi uliopita zilikuja habari kuwa mama amefariki na wameshamzika, ilikuwa Alhamisi, nikamwambia tajiri, akasema kesho pana mieleka, nikapigana, kisha nikakaa chumbani siku tatu mlango wazi nikingoja watu, hakuja hata mmoja, wala Kibwana. Nililia sana. Sasa Bwana Fakihi analeta mpiga picha za sinema, anasema Ulaya mieleka imeingia kwenye masanduku ya picha majumbani, nasi kabla masanduku hayajatufikia tutazungusha filamu kwa lori, Lindi, Kilwa yote, hata Njinjo, na anataka nitie sahihi niwe mbaya miaka mitatu. Nikikataa sina kazi, nikikubali hata nyumbani watanichukia. Nifanyeje? Uichape tu barua hii, nimechoka kuficha.

Mfaume, Kilwa Kivinje

JIBU

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Sasa nikugombeze. Mama kafa, kesho yake unamrushia mtu mchanga? Tajiri alikufunga kamba?

Na hao watu wa Kivinje unaowalalamikia, nani aliwaambia kuwa umefiwa? Msiba hutangazwa. Wewe ulimwambia tajiri ukadhani yamekwisha, naye akanyamaza kimya, kwa sababu mbaya akishapewa pole, nani atatoa kiingilio aje kumzomea? Nakuapia hata Kibwana hajui.

Biashara yenyewe siibezi. Sinema ya mieleka italipa, lori litajaa watu kila kituo. Lakini wema kama Kibwana wako wengi, mbaya anayekubali kuchukiwa ni mmoja, kwa hiyo mwenye neno ni wewe. Usitie sahihi leo. Mwambie tajiri unakwenda kwanza Njinjo kwenye kaburi la mama, na ukirudi utazungumza na Kibwana mchana, popote upendapo. Akikataa, amtafute mbaya mwingine.

Ijumaa hii usiingie uwanjani. Kabla ya sala mwendee imamu, mtajie jina la mama yako, umwombe awaambie watu kwamba amefariki, na kwamba mwanawe yupo hapo mjini.