Ukwaju wa Bi Shekuwe

Jumatatu, 6 Mei

Kipindupindu kimeingia kichochoroni kwetu! Jamaldin, fundi cherehani, kabebwa jana kwa tuktuk, macho yameingia ndani. Wawili wengine wamemfuata. Wote watatu walikunywa ukwaju wa Bi Shekuwe, mwenye nyumba wangu, siku ya Ijumaa. Basi imekwisha — leo watu wa afya wametia kufuli kisima chake cha uani.

Bi Shekuwe kalia mpaka nikalia naye. Ukwaju ule ndio kula yake, na maji ya mfereji hayataki, asema dawa yaharibu ladha. Ijumaa mimi mwenyewe nilimsaidia kufikicha, kama kawaida yetu.

"Mbodze, wewe si ndiwe mwenye kupima maradhi huko maabara? Kipime basi kisima changu, mwanangu."

Nimechota chupa mbili kabla hawajafunga.

Jumatano, 8 Mei

Wamo. Bakteria wa kipindupindu wamo kisimani. Dishon, mkuu wetu, kanitazama kwa huruma: pole, mwenye nyumba wako ndiye.

Ngoja kwanza! Bakteria hawa huishi majini miaka nenda miaka rudi, na wengi wao hawana meno. Anayelaza watu ni yule mwenye jeni ya sumu na vinyweleo vya kung'ang'ania utumbo. Jina moja, ukali tofauti. Nikamwambia tulinganishe wa kisimani na wa Jamaldin.

Dishon kakubali, ila kataka na sampuli ya tatu, ya mtu asiye mgonjwa, anywaye maji yale yale. Nani? Mimi, nani mwingine! Kilichonipata ni tumbo la kuendesha la wiki iliyopita tu, na hilo nililitafuta mwenyewe kwa pilipili za ufukweni Mama Ngina. Nimechukua kikopo nikaenda msalani. Maabara nzima kicheko.

Alhamisi, 9 Mei

Majibu bado. Bi Shekuwe hatoki nje. Leo jirani kamrudishia jagi lake, kaliacha mlangoni bila hata hodi. Watu waliokuzwa na ukwaju ule! Nimepandwa na hasira mpaka wali ukaungua.

Yeye kaniletea mahamri. "Kula, mwanangu, wajichosha kwa ajili yangu."

Na kama nimekosea?

Jumamosi, 11 Mei

Alhamdulillahi ya Bi Shekuwe imesikika mpaka Makadara! Bakteria wa Jamaldin wana sumu na vinyweleo, vyote viwili. Wa kisimani — hakuna hata kimoja. Dishon mwenyewe kawapigia simu watu wa afya: kisima kitiwe dawa, kifunguliwe Jumatatu.

Bi Shekuwe kapiga vigelegele peke yake uani, kisha kanikumbatia nikakosa pumzi. Yule jirani wa jagi kaja kuomba radhi. Nilimnunia kidogo, lakini moyoni nilifurahi.

Dishon auliza: basi hao wenye sumu waliingiaje kwenye ukwaju? Sijui. Labda barafu ya kununua. Kikopo changu bado hakijapimwa, nitakipima Jumatatu ili tufunge kazi.

Jumatatu, 13 Mei

Nimerudia mara mbili. Sumu ipo. Vinyweleo vipo. Wangu na wa Jamaldin ni wale wale.

Mimi!

Si pilipili. Tumbo lile lilikuwa kipindupindu chenyewe, kikapita kwangu polepole, nikaenda zangu kazini. Na Ijumaa nikatia mikono yote miwili kwenye beseni la ukwaju, nikafikicha, tukicheka. Nilinawa? Nilisuuza. Maji tu, sabuni ilikuwa juu chumbani.

Dishon yuko Kilifi mpaka kesho. Hajaona.

Nimefika nyumbani, kufuli halipo. Uani kumejaa watu. Jamaldin katoka hospitali, kakonda, kakalishwa kwenye kigoda kama bwana harusi. Ataka glasi ya kwanza. Bi Shekuwe keshatia ukwaju besenini, keshachota maji.

"Mbodze! Kunja mikono ya nguo mwanangu, leo wafikicha wewe! Kisima umekiokoa wewe!"

Nimesema naja, nabadili nguo. Nimekaa hapa ngazini, naandika. Nikisema, kila mtu uani atageuka kunitazama. Nimwambie kwanza yeye peke yake? Au mbele ya wote, kama alivyofungiwa kisima mbele ya wote?

Ananiita tena. Sasa na Jamaldin naye ananiita, kwa sauti yake iliyokauka, ataka kunishika mkono anishukuru —