Ngozi za Kuku Mlangoni kwa Halima

Alhamisi, Desemba 2015. Ukungu tangu asubuhi. Moyo umetulia, ila ule utulivu wa mtu aliyefanya ujanja ukamfaulia.

Leo kioo cha gari la mgeni kiliganda barafu, naye mwenyewe akakipiga picha kama maajabu. Mimi ni mtu wa Nyahururu. Baridi na mimi tumesoma shule moja.

Wenzangu niliowaacha Manfuha, kule Riyadh, hawaamini kwamba huku milimani juu ya Jeddah kuna hoteli ya kale ya mawe inayopokea mbwa. Niliwatumia picha ya mbwa aliyevaa sweta kando ya moto. Wakajibu, "Kariuki, hiyo ni Naivasha, wacha uongo."

Ni kweli tupu. Aliyeijenga ni babu yake kafili wangu, yaani tajiri anayenidhamini kazini huku, mzee aliyependa saluki, wale mbwa wembamba wa kuwinda. Hadi leo ukoo mzima utakuapia kwamba saluki si mbwa, ni saluki. Na saluki akishaingia, utamzuiaje mwingine? Kwa hiyo msimu wa baridi wageni wanapanda kutoka Jeddah na mbwa wao, na nyani wa barabarani wanawafokea njia nzima.

Kazi tumegawana kwa dini. Halima, dada wa Mombasa, anashika vyumba vya familia na miswala. Mimi Mkristo nashika mbwa na kila walichokiramba. Kwa Halima, chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ndiyo maana mlangoni kwa dobi kuna ndoo ya udongo. Mkristo mwingine hapa hakuna.

Na hapo ndipo niliponaswa.

Likizo yangu imefika. Wambui wangu anaanza nasari Januari. Nilimwacha akitambaa. Siku hiyo nataka nimshike mkono mimi mwenyewe, si sura yangu kwenye simu ya mama yake. Mwezi jana kafili, tunayemwita Baba, alipanda kututembelea, nikamwomba ruhusa. Akamtazama Lulu, saluki wake mzee aliyelala mbele ya moto.

"Mafi mtu wa mbwa, mafi likizo," akasema. Hakuna wa kuwatunza, hakuna safari. Halas, imekwisha.

Nilimwomba Halima anishikie. Alinitazama kama nimemwomba figo.

Basi nikaanza kuokota ngozi za kuku jikoni, na kila asubuhi naziacha karibu na mlango wa Halima. Sikumwambia mtu. Lulu hana meno mengi lakini pua bado ni kijana. Siku za kwanza Halima alikuwa akiruka kizingiti, buibui mkononi, akinitaja mimi na ukoo wangu. Baadaye kelele zikapungua. Juzi nikamsikia anaongea na mtu pale nje, anamlaumu kwa kuchelewa kuamka. Nikachungulia. Alikuwa Lulu.

Leo asubuhi Lulu hakuwa kwenye mkeka wake. Nikamkuta kwa Halima, amelala juu ya blanketi kuukuu lililokunjwa vizuri. Mimi blanketi sikuweka.

Halima alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni.

"Wewe Kariuki, waniona mimi zuzu? Kuku gani huyu ajivua ngozi mwenyewe akaja kuziweka mlangoni kwangu?"

Nilitazama ukungu.

"Mimi mbwa simwogopi, naogopa mate yake. Nenda kamwone mwanao. Glavu nitavaa, udongo upo. Ila uniletee mabuyu na achari, tena achari ya Mombasa, usije ukanihadaa na za dukani Nairobi."

"Dada Halima, hata magunia nitabeba."

"Magunia sijakutuma."

Nilimpigia Baba kabla Halima hajabadili mawazo. Akataka kumsikia Halima mwenyewe, nikampa simu. Sijui walisemezana nini kwa Kiarabu chao cha haraka, ila aliponirudishia, Baba alisema tayyib, sawa, nisafiri wiki ya kwanza ya Januari, na nirudi.

Nimeshinda nikitabasamu peke yangu. Wageni wanadhani ni Krismasi, ambayo huku tunaisherehekea kwa kunong'ona. Mchana nilimchekechea Halima udongo, nikatoa kokoto zote, nikamjazia ndoo hadi juu. Ni hilo tu nililoweza kumlipa leo.

Sasa magharibi imepita na nimefungasha viatu vya Wambui, ambavyo huenda vimeshakuwa vidogo. Kila jioni saa kama hii Lulu huja kuukwaruza mlango wangu nimfungulie aote moto. Leo hajaja, na ninajua yuko wapi.

Nilitaka hivi. Sasa mbona nimeacha mlango wazi na baridi yote hii?