Damu ya Kwao

Temeke, Jumanne 14/9/93

Eti damu yangu ndiyo mbovu. Mama mkwe kayasema leo mbele ya mwanangu Sudi, aliyelala akiugulia miguu kwa selimundu. "Kwetu hatuna ugonjwa huu. Mumeo ataoa binti wa ami yake, apate watoto wazima."

Na asubuhi nimetoka kufundisha darasani: mtoto haugui selimundu mpaka airithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao wenyewe huwa wazima, hawajijui. Nyumbani nikanyamaza. Mume wangu naye kimya, kupima hataki.

Jioni binti mwenyewe, huyo wa ami yake, kaja. "Shikamoo dada." Nikammiminia chai. Yeye na mume wangu babu yao mmoja, huenda naye kairithi damu ile ile. Sikumwambia.

Kuna kitu ndani yangu kinataka aolewe, azae mgonjwa kama Sudi, mama mkwe ajionee kuwa damu ni ya kwao. Astaghfirullah.